Sahihi Tano za Mwalimu Tusekile

Saa moja na dakika kumi asubuhi, daftari la mahudhurio ya walimu lilikuwa wazi juu ya meza iliyo karibu na mlango wa ofisi, pamoja na kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi wa katani ili isiibwe. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwa Mkuu wa shule, Mwalimu Jailos. Ikifika saa moja na nusu angeitoa, angeweka rula chini ya sahihi ya mwisho na kupiga mstari. Aliyesaini juu ya mstari amewahi. Aliyesaini chini yake angejieleza kwa barua. Ukungu ulikuwa umefunika uwanja mpaka magoli hayaonekani, na malori ya mbao yalisikika upande wa Nyololo bila kuonekana.

Tusekile Mwambene alisaini wa nne. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini, kama kujitolea nako ni kazi. Alikuwa na miaka ishirini na nne, shahada ya ualimu wa Fizikia na Hisabati aliyoipata Iringa, viatu vya wazi visivyofaa kwa baridi ile, na daftari jipya ambalo ukurasa wake wa kwanza ulisema: Hadi Pasaka niwe nawajua wote kwa majina, na kwa kila mmoja nijue haelewi nini.

Wanafunzi walikuwa mia tatu na themanini.

"Kamwene, mwalimu mpya," alisema Rozalia, mpishi wa shule, akipita na ndoo ya maharage.

"Kamwene, mama."

"Kumbe unaitikia. Wewe Mhehe?"

"Mnyakyusa. Kwetu Uyole."

"Basi baridi utaizoea. Hivyo viatu hutavizoea."

Shule ilikuwa na walimu wa Historia wanne, wa Kiswahili watatu, na wa Jiografia wengi kiasi kwamba walipeana zamu ya kupumzika. Walimu wa sayansi walikuwa wawili. Mmoja alistaafu Desemba, na mwingine alimfuata mumewe Dodoma Januari. Mwalimu Faustina, aliyeshughulikia taaluma, ndiye aliyepanga ratiba ya mwaka. Aliichora kwa rula kwenye karatasi ya manila, akaibandika ukutani, na katika kila chumba cha Fizikia au Hisabati aliandika herufi mbili, TM.

"TM ni mimi?" Tusekile aliuliza.

"TM ni wewe."

"Jumanne kipindi cha tatu niko Two A. Na Two B."

Mwalimu Faustina alisogea akaangalia. "Ndiyo."

"Saa ileile, Madam."

"Huku unawapa notisi wanakili, huku unafundisha. Wiki ijayo unageuza. Ndivyo tunavyofanya, Madam. Ulitaka nimwandike nani? Rozalia?"

Tusekile alirudi kwenye kiti chake. Yeye mwenyewe alisomeshwa hivyo. Kwa miaka miwili alinakili Fizikia kutoka kwa kiranja, ambaye naye alinakili kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada. Mchoro wa mzunguko wa umeme aliuchora zaidi ya mara mia moja akidhani ni uzio wa ng'ombe. Alijua ni umeme akiwa na miaka kumi na tisa. Alijiahidi kwamba hakuna mtoto wake atakayechora uzio.

Jumanne kipindi cha tatu aliingia Two A na kuandika tarehe ubaoni. Kupitia ukuta alisikia Two B wakivuta madawati. Akaandika mada. Alisikia mtu upande wa pili akisema, "Huyu haji." Akatoka kwenda Two B. Alipopita dirishani alijiona bado yuko Two A, amewapa mgongo wanafunzi, akimalizia neno aliloanza. Hakusimama kutazama. Kipindi kina dakika arobaini, na dakika mbili zilikuwa zimekwisha.

Baada ya vipindi, viranja wa madarasa yote mawili walipeleka madaftari ya vipindi kwa Mwalimu Faustina.

"Two A umesaini kipindi cha tatu," alisema. "Na Two B umesaini kipindi cha tatu."

"Ndiyo, Madam."

"Uliingia kote?"

"Niliingia kote."

"Vizuri. Kuna wengine hapa hawaingii kokote na wanasaini kote."

Hayo ndiyo yaliyosemwa juu ya jambo lile.

Mwezi Machi alikuwa watatu. Baada ya Pasaka, Mwalimu Faustina alipoona kwamba TM anafika kila anapoandikwa, aliongeza Kemia ya Kidato cha Tatu na hesabu za jioni, na Tusekile akawa watano. Mwanzoni walikutana tena njiani wakirudi nyumbani, wakawa mmoja kabla ya kufika kwenye chumba alichopanga. Baadaye hawakusubiri tena kengele. Siku yoyote ya shule, kwa kila darasa ambalo jana yake alikuwa ameandika andalio la somo, aliamka mmoja kwa ajili yake. Jumamosi na Jumapili alikuwa mtu mmoja, mwenye nguo nyingi za kufua.

Ofisini waliletewa viti. Hakuna aliyekitumia chake vizuri. Wote watano walikaa ukingoni, kisigino kikipigapiga sakafu, macho mlangoni, kama abiria ambao basi lao limeshatangazwa. Hata wakati wa chai, mmoja alikuwa akisimama ghafla na kukaa tena. Posho ya chakula ya mwalimu wa kujitolea ilikuwa sahani moja, kwa hiyo Rozalia aliweka makande kwenye sahani moja na kuwaletea vijiko vitano.

"Kuleni taratibu," alisema. "Tumbo ni moja au matano?"

"Bado hatujajua, mama."

Suala la daftari la mahudhurio lilitatuliwa na Mwalimu Faustina. Kila anayeingia darasani asaini, alisema, hataki kusikia kuna mtu anabaguliwa. Tusekile angeweza kusaini mara moja na kunyamaza. Alilifikiria jambo hilo na kuona ungekuwa uongo, maana watano walikuwa wamewahi na watano walikuwa wanaenda kufundisha. Kila asubuhi zikawa sahihi tano, zote zikiwa na mkia uleule mrefu kwenye herufi ya mwisho. Siku moja ya mvua yule wa Kidato cha Tatu alichelewa, akasaini chini ya mstari mwekundu na kumwandikia Mkuu barua ya kujieleza. Wenzake wanne walimsaidia kuisahihisha.

Ahadi ya majina ilitimia. Kufikia Pasaka majina yote mia tatu na themanini yalikuwa yanajulikana, isipokuwa hakuna Tusekile aliyejua zaidi ya sehemu yake. Yule wa Kidato cha Kwanza alikuwa mcheshi, na watoto walimpenda. Yule wa Kidato cha Nne hakuwa na kicheko, kwa sababu kicheko kilikuwa kimekwenda kwa Kidato cha Kwanza. Alikuwa na uvumilivu. Angeweza kueleza jambo moja mara tisa, na mara ya tisa sauti yake ilikuwa ileile ya mara ya kwanza.

Ni huyo aliyemjua Kulwa Masunga. Kulwa alitoka Usangu, kwa wafugaji waliohamia huko kutoka Shinyanga, na alikuwa amepanga chumba karibu na shule pamoja na wasichana wengine wawili. Aliuliza maswali mengi kuliko darasa zima, na mengi yalikuwa mazuri.

"Madam, naweza kusema kitu ambacho si Fizikia?" alimwuliza siku moja.

"Sema."

"Sisi nyumbani tuko wawili. Mimi na Doto. Baba alisema mmoja asome, mmoja achunge."

"Na wewe ndiye uliyependa kusoma."

"Hapana, Madam. Doto ndiye mwenye akili. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango." Alifungua daftari lake. "Ndiyo nasema, ukiwa wengi, angalieni sana nani anapewa nini."

Mwezi wa sita shule ilifungwa. Kidato cha Nne kilibaki kwa masomo ya likizo, na Tusekile mmoja alibaki nacho. Wale wanne wasio na kazi wakawa mmoja, akapanda basi Nyololo akashuka Uyole, na mama yake, aliyekuwa akipanga viazi kwenye madebe pembeni ya barabara, alimkumbatia na hapohapo akamwachia.

"Mbona mwepesi hivi?"

"Nusu imebaki shule, mama. Kuna masomo ya likizo."

"Hiyo nusu inakula nini?"

"Makande."

"Kila siku?"

"Ijumaa wanaweka kitunguu."

Mama aliendelea kupanga viazi, vikubwa juu na vidogo chini. "Na hiyo ajira?"

"Bado."

"Mtoto wa jirani hapo ana cheti tu. Wamemwajiri."

"Nitaajiriwa, mama. Mkuu ameshaandika barua."

"Barua." Mama alilisogeza debe. "Tusekile, mimi nilikusomesha mzima. Hivi viazi nimeuza kwa ajili ya mtu mzima. Sitaki mtoto wangu asambazwe kama mbolea. Nataka wakuajiri mzima."

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo. Waambie wao."

Alikaa siku nne badala ya wiki tatu. Usiku alilala, lakini miguu yake haikulala. Asubuhi mama alikuta shuka limefika mlangoni. Siku ya kuondoka alimfungia gunia la viazi, mkungu wa ndizi na masweta mawili. "Hili lako, hili la yule mwingine," alisema. "Mwambie namsalimu."

Mwezi wa nane likaja tangazo ambalo kila mwalimu wa kujitolea alilisoma akiwa amesimama. Wanaojitolea wangeajiriwa palepale walipo, mradi ikama ya shule ioneshe pengo. Ikama ni hesabu ya walimu wanaotakiwa na walimu waliopo. Mwalimu Jailos aliichukua fomu ya shule, akaijaza mbele ya Tusekile watano, na kuwasomea: walimu wa sayansi wanaotakiwa, watano, waliopo kwa ajira, hakuna, wa kujitolea, mmoja.

"Pengo linaonekana mpaka kwa kipofu," alisema. "Ukiipata hii nafasi, wa pili na wa tatu watakuja wenyewe. Na wewe utapumzika kuwa wengi."

Yule wa Kidato cha Kwanza aliuliza kama kweli watapumzika. Mkuu alisema kweli. Watano walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu waletewe viti, wote waliegemea migongo. Ilidumu kama dakika moja.

Jumamosi Tusekile alikwenda Mafinga kupiga picha za fomu katika studio ya Murtaza, ambaye baba yake na babu yake walipiga picha za paspoti katika chumba hichohicho. Murtaza alimpiga picha mara moja, akachapa nne kwenye karatasi moja, na kuziangalia kwa muda mrefu huku mkasi ukiwa mkononi.

"Dada, hapa nina picha nne na watu wanne," alisema.

"Inatokea."

"Huyu amechoka. Huyu kama amekumbuka kitu. Huyu anacheka, sijui nani kamchekesha. Na huyu anamwangalia mtu nyuma yangu. Nikate ipi?"

"Fomu inataka mbili zinazofanana."

"Nirudie?"

Alirudia mara tatu. Mwishoni alikata picha mbili ambazo angalau masikio yalilingana. "Marudio sihesabu," alisema. "Mke wangu ni mwalimu. Yeye siku hizi haonekani kabisa kwenye picha."

Bwana Gideon kutoka ofisi ya kuhakiki ikama alifika mwezi wa tisa kwa pikipiki, akiwa na koti la mvua na fomu ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho mekundu ya vumbi. Alikunywa chai, akaomba daftari la mahudhurio, na kidole chake kikashuka ukurasa mmoja baada ya mwingine.

"Mwambene, Mwambene, Mwambene, Mwambene, Mwambene," alisoma. "Hawa ni ndugu?"

"Huyo ni mwalimu mmoja," alisema Mwalimu Jailos.

"Amesaini mara tano."

"Anafundisha madarasa matano."

Bwana Gideon alinyanyua macho. Ilikuwa mapumziko, na Tusekile wote walikuwa ofisini. Aliwahesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia kutokea upande wa pili.

"Mkuu, mimi naona watano."

"Ndiyo, lakini ni mmoja."

"Mmoja anakaa viti vitano?"

"Hawakai," alisema Mwalimu Faustina. "Ndiyo shida yenyewe."

"Madam, fomu yangu ina sehemu ya wanaume na sehemu ya wanawake. Haina sehemu ya hayo mnayosema." Alimgeukia yule aliyekuwa karibu naye. "Wewe uko kazini leo?"

"Niko kazini," alijibu Tusekile wa Kidato cha Pili.

"Na wewe?"

"Niko kazini."

Waliulizwa wote, na wote walijibu kweli. Bwana Gideon aliandika tano. Hakuandika kwa furaha. Alieleza kwamba katika eneo lake kulikuwa na shule kumi na saba ambazo hazina mwalimu hata mmoja wa sayansi, shule ambako watoto wanafanya mtihani wa vitendo kwa kuchorewa, na kwamba asingeweza kumwambia mkubwa wake ampe mwalimu mtu mwenye watano.

Mwalimu Jailos alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Waliongea muda mrefu. Aliporudi, mikono yake ilikuwa mifukoni.

"Nimemwomba arudi, amekubali," alisema. "Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa kumi. Siku hiyo, Madam, uwe mmoja. Akikukuta mmoja ataandika mmoja, na mwaka ujao una barua yako mkononi. Siku moja tu. Unaweza?"

"Naweza," walisema.

Haikuwa kazi ngumu kuieleza. Jumatano jioni Tusekile aliandika andalio moja tu la somo, la One A, na madaftari mengine manne akayafungia sandukuni. Alhamisi aliamka peke yake. Kitanda kilikuwa kipana. Alivaa sweta alilopewa na mama yake, akatembea kwenda shule, na njiani alikuwa mzito mpaka nyayo zake zikabaki kwenye udongo. Alikuwa amesahau uzito huo. Aliupenda. Alisaini mara moja, juu ya mstari, na Mwalimu Jailos alipopiga rula aliitikia kwa kichwa.

Mpango ulikuwa abaki One A kuanzia kipindi cha kwanza mpaka Bwana Gideon aondoke. Madarasa mengine yalipewa notisi za kunakili.

Kipindi cha kwanza kilienda vizuri. Alikuwa mcheshi na mvumilivu kwa wakati mmoja, na watoto wa One A, ambao walizoea ucheshi tu, walimsikiliza wakiwa wameacha midomo wazi. Mwanafunzi wa nyuma ambaye hajawahi kunyoosha mkono alinyoosha mkono. Tusekile alijua jina lake. Alijua pia kwamba ana dada Two B, jambo ambalo hakuwahi kulijua akiwa wa darasa hili tu.

Kipindi cha pili pikipiki ilisikika getini.

Kipindi cha tatu alisikia kitu kingine. Kuta za shule ile haziendi mpaka juu. Kuna nafasi kati ya ukuta na paa, na darasa la Kidato cha Nne lilikuwa upande wa pili wa korido. Huko Kulwa Masunga alikuwa amesimama ubaoni. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki tano. Notisi walikuwa wamemaliza kunakili, na wenzake walimwomba awaeleze kwa nini gogo linaelea.

"Andikeni," Kulwa alisema. "Gogo likiwa juani lina uzito. Likiingia majini na kuelea, halina uzito tena. Uzito wake umekwisha."

"Umekwisha kabisa?" mvulana mmoja aliuliza.

"Kabisa. Ndiyo maana halizami. Lingekuwa na uzito si lingezama?"

Ilikuwa na mantiki. Ilikuwa hoja ya mtoto anayefikiri mwenyewe, na ilikuwa si kweli. Tusekile alisikia kalamu arobaini na tatu zikianza kuandika. Alishika meza kwa mikono miwili. Aliwaambia One A wafungue ukurasa wa hamsini na mbili. Alijisemea kwamba wiki tano ni nyingi, kwamba kesho asubuhi angeyafuta yote, kwamba barua ya ajira ingekaa miaka thelathini na gogo lingekaa siku moja. Alikuwa sahihi katika yote hayo.

"Kwa hiyo," Kulwa alisema huko ng'ambo, "wakiuliza uzito wa gogo majini, jibu ni sifuri. Pigieni mstari."

Rula zilianza kutolewa.

Tusekile alikuwa mlangoni pa Kidato cha Nne kabla mstari wa kwanza haujafika mwisho. "Subirini," alisema. "Kulwa, umefikiri vizuri, kaa hapohapo ubaoni. Uzito upo. Tuutafute umebebwa na nani." Nyuma yake, One A, alijisikia akisoma kwa sauti ukurasa wa hamsini na mbili.

Baada ya hapo hakukuwa na sababu ya kuwanyima wengine. Two A na Two B walikuwa wakipiga kelele, akaenda kote. Kidato cha Tatu walikuwa kimya, na kimya chao kilikuwa kibaya zaidi ya kelele, akaenda. Kipindi cha tano alikuwa watano.

Bwana Gideon alipita kwenye korido akiwa na Mwalimu Jailos. Alisimama katika kila dirisha, akaandika, akasogea. Kwenye dirisha la Kidato cha Nne alisimama zaidi. Ndani, Kulwa alikuwa amening'iniza jiwe kwenye mpira wa suruali na kulishusha ndani ya ndoo ya maji, na darasa zima lilikuwa limesimama kuangalia mpira ukipungua urefu.

"Anafundisha vizuri," Bwana Gideon alisema.

"Sana," alisema Mwalimu Jailos.

"Ningekuwa na watano kama huyu kila shule, Mkuu, ningelala usingizi."

Alisaini fomu akiwa ameiegemeza kwenye tangi la pikipiki.

Majibu yalifika Desemba na Mkuu aliyabandika kwenye ubao wa matangazo kwa pini nne. Shule imejitosheleza kwa walimu wa sayansi na haitapangiwa mwalimu mpya. Wanaojitolea waendelee na moyo huo. Tusekile waliyasoma mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimpisha mwenzake. Yule wa Kidato cha Nne alimpigia mama simu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza wanahitaji masweta mangapi, na alipoambiwa matano alisema sufu ipo.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Fizikia ya shule ile ilikuwa imepanda kuliko mwaka wowote. Kulwa alipata B na akapangiwa Kidato cha Tano. Kabla ya kuondoka alikuja kuaga, akawapa mkono wote watano, na kwa kila mmoja alitaja kitu alichofundishwa. Kwa wawili alikosea, lakini walimshukuru.

Ofisi ya Bwana Gideon ilituma waraka kwa shule zote za eneo lile. Ulisema kwamba imeonekana katika shule moja mwalimu mmoja kumudu vyumba vitano kwa wakati mmoja bila gharama ya ziada, na kwamba wakuu wa shule wanaelekezwa kupanga ratiba kwa kuzingatia uzoefu huo, pale mazingira yanaporuhusu. Ikama zote zingepitiwa upya. Mwalimu Jailos aliusoma mara mbili, akaupeleka kwa Mwalimu Faustina, na Mwalimu Faustina aliusoma akanunua karatasi mpya ya manila.

"Nimeandika barua nyingine," Mkuu aliwaambia Tusekile. "Nimeeleza kila kitu. Nimeambatanisha na picha."

"Asante, Mkuu."

"Wamesema wameipokea."

Januari iliyofuata alikuja mwalimu mwingine wa kujitolea, Shedrack, kijana wa Rungwe mwenye shahada ya Kemia na Baiolojia aliyoipata mwaka uliotangulia, vyeti vyake vikiwa ndani ya faili la plastiki na shati likiwa bado na mikunjo ya dukani. Alisaini juu ya mstari. Alisalimia ofisi nzima kwa mkono. Alipofika kwa Tusekile alisalimia wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akasita.

"Samahani, dada," alisema. "Nimesikia habari zako tangu chuoni. Naomba niulize tu, ili nijue wa kumwuliza nikikwama. Kati yenu, Madam Tusekile mwenyewe ni yupi?"

Hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo, na walilifikiria kwa uaminifu. Walitazamana. Mmoja alijiangalia mikono.

"Ni mwenye kipindi," alijibu aliyekuwa karibu na mlango.

Kengele ikagongwa. Wote watano walisimama, na Shedrack, ambaye hakuwa ameambiwa aanze na chumba kipi, alijikuta amesimama mahali pawili.